Milimita Tatu

Lilipokatika lilitoa sauti ninayoijua:
kigae kinachovunjwa kwa mkono juu ya paja.
Alhamisi usiku, ukumbi wa Matosinhos. Mpira ulishapita,
mguu ulibaki, mwili ukageuka.
Nazaré alisikia kutoka golini. Mwamuzi hakupuliza.

Daktari Quintela akachora goti nyuma ya bahasha,
kano mbili zimepishana kama msalaba,
moja akaifuta kwa kidole.
"Haiungiki," akasema. "Hupandikizwa nyingine.
Swali ni tuikate wapi."

Hapa mbele, chini ya pia ya goti:
ukanda wa kano wenye punje ya mfupa kila ncha.
Mfupa kwa mfupa hushikana upesi,
wachezaji wa kulipwa huipenda.
"Ila kupiga magoti..." Akaitazama mikono yangu.
Saruji haitoki kwenye kucha.

Ama huku nyuma ya paja,
nyuzi mbili ndefu, zikunjwe ziwe nne.
Mbele pabaki salama. Lakini huweza kulegea,
na paja litakudai deni lake
kila ukikunja mguu kwa kasi.

Ama ya marehemu, iliyohifadhiwa kwenye baridi.
Hukatwi mahali pengine, maumivu machache.
Ermelinda wa duka la samaki anayo,
ana miaka hamsini na sita, anapanda ngazi na kapu lake,
na kila Novemba humwashia mshumaa
mtu asiyemjua jina.
"Kwa umri wako hukatika zaidi," daktari akasema.
Nina ishirini na sita.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nazaré alikatwa mbele, miaka minne iliyopita.
Anadaka kama paka. Lakini kanisani,
wenzake wakishuka, yeye husimama peke yake
kama nguzo iliyosahauliwa na mjenzi,
na padre ameacha kumuuliza.

Mimi si msali sana. Ila mchana kutwa napiga magoti
mbele ya kuta za watu, bafu, jiko, korido,
nabandika buluu kando ya nyeupe.
Goti ndilo jembe langu.

Nikasema: nyuma.

Hakuna aliyeniambia kuhusu ganzi,
kiraka cha ngozi kwenye muundi, upana wa sarafu,
ambacho hata leo nikikigusa
nahisi nimemgusa mtu mwingine.
Wala kwamba mwezi wa tatu goti hujiona limepona,
na hapo ndipo uzi ulio ndani
ni dhaifu kuliko siku uliyoshonwa.

Mwaka wa pili. Quintela anauvuta mguu kwa mashine yake,
anasoma namba, anasoma tena.
"Milimita tatu zaidi ya lile jingine," anasema
kama mtu anayeomba radhi. "Si mbaya."

Milimita tatu!
Daktari, hiyo ndiyo nafasi ninayoiacha
kati ya kigae na kigae,
ukuta upate kutanuka kiangazi bila kujipasua.
Anayevibana vikagusana, namjua,
huitwa tena kabla mwaka haujaisha.

Hakucheka. Aliandika.

Alhamisi hii naanzia benchi,
kipindi cha pili labda niingie.
Nikikimbia, mguu wa kushoto huchelewa kidogo,
kama anayefunga mlango nyuma ya wenzake.
Nazaré anasema haionekani.
Nazaré anajua kudanganya vizuri.