Kabla Hujachukua Ufunguo

Unaniuliza, Nuhu: ningeanza upya, ningefanya nini?
Ngoja kwanza nizime injini.
Dizeli ya siku hizi si ya kuchezea.

Hapa tulipoegesha, Dennistoun,
mbele ya jengo hili la mawe mekundu,
ndipo nilipoipata kazi ya kwanza:
kabati la mwaloni, ghorofa ya nne, lifti hakuna,
ngazi zimejiviringa kama ganda la konokono.
Nilitaja pauni thelathini.
Bi Morag akanitazama
kama mtoto aliyekosea kujumlisha,
akasema, "Sawa," upesi mno.
Ule upesi wake leo ningeusikiliza.
Bei ikikubaliwa kabla hujameza mate,
ujue umejiuza pamoja na mgongo wako.

Ningeanza na daftari.
Si gari, si fulana zenye nembo, si zile kadi mia tano
zilizotoka kiwandani namba ya simu imekosewa,
tukazisahihisha kwa kalamu, mimi na Mwanaidi,
mpaka saa nane usiku, mezani, miguu ndani ya blanketi moja.
Daftari.
Mali bila daftari huisha bila habari:
niliusikia msemo huo tangu sijaota meno,
nikadhani wanawasema wenye mali.

Na bahasha za kahawia ningezifungua.
Hilo tu. Ningezifungua.
Barua ya kodi haiozi drooni, Nuhu. Inazaa.

Tumsifu ningemwandikia mkataba.
Tulipeana mikono nje ya duka la mbao, mvua ikitunyea,
tukacheka: ndugu hawaandikiani.
Naam. Hatukuandikiana.
Sasa hatusalimiani.
Yeye alichukua toroli ya ngazi na wateja wote wa Paisley,
mimi nikabaki na deni la bima
na jina la kampuni, herufi yake ikitangulia yangu.
Miaka kumi na moja nimeendesha mji huu
na T ya mtu ubavuni.
Ifute. Rangi ya kufutia iko chini ya kiti.

Piano nisingegusa.
Usiniulize.

Januari ya tatu simu ilinyamaza siku kumi na tisa.
Kila asubuhi nilivaa buti, nikaaga,
nikaja kuegesha kando ya mto Clyde
nikihesabu matone kwenye kioo
ili watoto wajue baba yuko kazini.
Ningemwambia mama yao siku ya kwanza.
Siku ya kumi na mbili alinipa chupa ya chai ya tangawizi
na vikombe viwili.
Hakusema cha pili ni cha nani.
Nilikunywa peke yangu, kwa vyote viwili,
kwa zamu, kama mwehu.
Hicho ndicho ninachokijutia kuliko hela.

Yule mwanamke wa Maryhill, je?
Alipiga simu saa tisa za usiku, sauti chini.
Mifuko saba ya taka, imejaa nguo,
kitanda cha mtoto, samaki mmoja ndani ya mtungi.
Sikuwasha taa za gari mpaka tulipotoka mtaani.
Alipofungua pochi nikajifanya natafuta kamba.
Mhasibu wangu, maana hatimaye nilimpata mhasibu,
aliniuliza safari ile ya Machi aiandike wapi.
Nikamwambia aiache wazi.
Mpaka leo mstari ule hauna namba,
na ningeanza upya, ningeuacha vilevile.

Sijui kama nimekujibu.
Watu watakwambia usiogope. Ogopa kidogo,
hasa ukiona mambo yanakwenda vizuri.
Usimwajiri shemeji.
Pumzika Jumapili hata kama kuna kazi,
nilichelewa kujua kwamba goti halina spea.

Haya, shika.
Huu wa mlango wa nyuma, huu wa kuwashia.
Gia ya pili hukataa asubuhi za baridi.
Usiilazimishe.
Rudi ya kwanza, hesabu mpaka tatu,
kisha ijaribu tena, taratibu.