Mzigo Uliojibu

Mvua ilianza sombe ikiwa bado motoni.
Mvua ya Bukavu, tukasema, ya kila siku,
ile inayopiga mabati hadi mke na mume
wanaacha ugomvi kwa kutosikilizana.
Saa saba usiku kilima cha Cimpunda kikavua ngozi.

Watu huniuliza kishindo. Sikusikia kishindo.
Nilisikia mabati yamenyamaza,
nikajua hayako juu yetu tena.

Halafu udongo. Udongo puani, udongo kinywani,
udongo uleule tuliouchimba kwa mikono yetu
kupata kiwanja cha mita nne kwa tano,
umeshuka kudai chake.

Naandika haya kwa sababu mwezi jana
katika ukumbi wa komini ilisomwa orodha.
Walisoma waliotoa mahema. Waliotoa magodoro.
Jina la kampuni ya maji ya chupa walilisoma mara mbili.
Nikangoja, na fimbo yangu, na koti la kuazima.
Orodha ikaisha, wakagawa soda.

Basi nisome na mimi, hapa, bila kipaza sauti.

Zihalirwa mshona viatu, aliyepiga sufuria kwa mwiko
mlango hadi mlango, akiamsha
hata wale waliomkimbia kwa deni la soli.
Vijana wa kinyozi, tuliozoea kuwaita wezi,
waliong'oa mlango wa kibanda chao
wakaufanya machela.
Mama Cikwanine, aliyelala kifudifudi juu ya tope,
akaita, akanyamazisha umati wote, hata vilio,
asikie kama chini kuna anayeitika.
Niliitika mimi. Nilisema: "Nipo."
Miaka ishirini nimewasomea watoto majina,
sikujua neno lile lina uzito gani.

Na Nsimire.

Kamba aliyonizungushia kifuani ni ile ya kazi,
inayopita kwenye paji lake kila alfajiri,
gunia la mihogo mgongoni,
kutoka ziwani hadi soko la Kadutu
kwa bei ya kipande cha sabuni.
Mnalijua paji lile. Lina mfereji.
Tumepishana nalo njiani maisha yetu yote
tukitazama gunia.

Alinivuta. Mguu wangu ulikuwa ukibishana na boriti;
hakungoja wamalize.
Akanitupa mgongoni, kamba ikarudi pajini, mahali pake.
Nikasema niache, mama, mimi mzito.
Akacheka! Usiku ule, mtu akacheka.
"Mwalimu, wewe hufiki hata gunia moja.
Shika vizuri. Na usiongee,
unanipotezea hesabu ya hatua."

Hatua mia tatu na kumi na mbili hadi barabarani.
Alizihesabu kwa Mashi, kwa sauti,
akateleza kwenye mia mbili, akapiga goti,
akaendelea na mia mbili na moja.
Akanitua kwenye kibaraza cha kanisa, akageuka.
Alikwenda mara sita.
Mara ya sita alirudi na kitu kidogo
alichokifunika kwa kitenge chake mwenyewe.
Hatukumwuliza. Alikaa chini.

Alhamisi nilimfuata bandarini na bahasha.
Nimekuja kulipa mzigo, nikamwambia.
Alikuwa ameinama, wanamkazia gunia.
Hakunitazama; huwezi kuinua macho
kilo themanini zikiwa zimekushika paji.
"Mzigo unaolipiwa ni ule unaonyamaza," alisema.
"Wewe ulilia njia nzima."
Akapiga hatua mbili, akasimama.
"Lakini kamba yangu ilikatika siku ile. Hii ni ya kuazima."

Nimenunua kamba. Mita nne, ya katani.
Siku mbili naipaka mawese, naikanda, naikunjakunja,
isije ikamchubua.
Kesho nitampelekea.

Jioni hii mvua imeanza tena.
Mabati yanaongea. Nayasikiliza.
Bado yanaongea.