Chini ya Mtungi, Hombolo

Agosti. Upepo unachuna midomo.
Mizabibu imekatwa, vimebaki vigutu vyeusi
kama vidole vya mtu aliyekataa kusalimia.
Nikauhamisha mtungi ili nifagie,
na pale palipokuwa na duara la unyevu
ikatimka serikali nzima,
kikao kimevunjika bila ajenda.

Wa kijivu. Wadogo kama punje za uwele,
migongo yao bati zilizopandana.
Nyemo, miaka saba, akapiga magoti:
"Mama, jongoo wamezaa!"
Akamgusa mmoja. Akajikunja, akawa gololi.
"Huyu si jongoo," nikasema,
nikakwama hapo hapo,
maana jina sikuwa nalo.
Tukahesabu miguu kwa njiti ya kiberiti:
kumi na minne.
Jongoo angecheka mpaka alale ubavu.

Jioni nikamtumia picha kaka yangu Chilewa,
aliyekwenda Tanga kupima samaki akasahau kurudi.
Akajibu kwa sauti,
nyuma yake mtu anagombana na mizani:

"Hao ni ukoo wa kaa, dada. Wa kamba.
Walitoka majini zamani ile ya kabla ya zamani,
wakapanda nchi kavu bila kuaga,
na mpaka leo wanapumua kama kwa matamvua.
Wakikauka, kwisha. Ndiyo maana wanajibanza.
Ndugu zao? Utachoka kuhesabu.
Wapo hapa kwenye mawe, wimbi likirudi wanakimbia.
Wapo wa vilindini, gizani, mmoja mkubwa kama paka,
anashinda njaa miaka.
Wapo wa maji ya chini ya ardhi,
weupe kama sembe, hawana macho.
Macho ya nini huko?
Na yupo huyu niliyemshika leo kwa kibano:
huingia mdomoni mwa samaki,
hufyonza ulimi mpaka unyauke,
kisha hukaa pale pale, akawa ulimi yeye.
Na samaki anaendelea kula."

Sikulala vizuri.
Nilikumbuka darasa la pili,
kibao nilichovishwa shingoni
siku niliyoomba maji kwa lugha ya nyumbani.
Hakuna aliyenifyonza kwa siku moja.
Neno hili, kesho lile.
Kilichokaa pale pale nakipenda,
ndicho ninachoandikia,
nami naendelea kula.

Asubuhi nikampigia shangazi Mbeleje, Ipala:
wale wa chini ya mtungi, tuliwaitaje?
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia mchi.
"Subiri," akasema, "linakuja, liko hapa mdomoni,"
na salio likakata.

Nyemo naye amemlaza mmoja chali
juu ya jani la mzabibu.
Tumboni ana mfuko, mfukoni mna maji,
majini mna watoto weupe wasiozidi chembe ya chumvi
wanaochezacheza.
Bahari ya tone moja,
mwendo wa kutwa kwa basi kutoka baharini,
katika nchi ambayo mvua
tunaiombea kwa majina yake yote.
"Mrudishe," nikasema. "Taratibu.
Usimwage."

Mume wangu amenunua simtanki.
Haivuji. Ndiyo sifa yake, imeandikwa ubavuni.
Imesimama uani, nyeusi, inasubiri bomba,
na chini yake pakavu kama swali.

Mtungi nimeurudisha palipokuwa na duara.
Una ufa mwembamba tangu msiba wa mama mkwe,
unatoa jasho usiku kucha, tone, kimya, tone.
Nilikuwa nimebakiza simenti kidogo ya kuuziba.
Nimempa jirani.