Moto Unaovuja

Jana usiku, ufukweni Panyimur,
Ongiertho alizima taa ya simu akasema:
Mama Piracel, usiseme kitu. Tazama.
Nikavuta kamba. Injini ikakohoa, ikaitika.
Tukaiinamia, kifuniko tumekivua,
na gizani nikauona:
uzi wa buluu, mwembamba kama mshipa wa kope,
ukichomoza kwenye waya uliopasuka, ukirukia chuma,
tik, tik, tik,
moto wangu niliounulia petroli
unakwenda kusikokuwa na kazi.

Kumbe miezi mitatu nimezisingizia plagi.
Nimezifungua, nimezisugua kwa msasa,
nimezikausha juu ya jiko kama mahindi,
nimezirudisha kwa dua na matusi,
mkono huu dua, mkono huu matusi.

Leo niko dukani kwa Giramia,
mlango unaotazamana na magunia ya muziri.
Plagi anazo za namna tatu.
Za kwanza zimelala ndani ya boksi lenye muhuri,
kaure nyeupe, maandishi hayabanduki kwa ukucha.
Za pili zina jina lile lile,
ila herufi moja imepotea njiani; bei ni theluthi.
Za tatu hazina boksi. Zimeogeshwa petroli, zimepigwa brashi,
zinang'aa kama mlevi wa Jumamosi
aliyewahi ibada.
Mteja wa kutoka Mahagi anaziita buji.
Mimi naziita plagi.
Zikifa katikati ya ziwa
sote tunamwita Mungu.

Nikafungua karatasi, nikamwonyesha zangu kuukuu.
Akazigeuza kwenye mwanga, jicho moja amelifumba.
Hii nyeusi, ina mafuta. Silinda ya chini
ilikuwa inakula bila kupika.
Hii nyingine rangi ya chai ya maziwa. Hii nzima.
Chukua namba nane, akasema.
Nikasema, yangu saba.
Akasema, nane ni kubwa.
Nikasema, Giramia, plagi si viatu.

Kisha nyaya. Hapo pesa ikaanza kusikika.
Za pikipiki, elfu nne, laini, nyeusi, zinapendeza.
Za boti, elfu thelathini mmoja,
ngozi nene, kofia ya mpira
inayobana shingo ya plagi
kama mtoto aliyekataa kuachishwa ziwa.
Zote zinapitisha moto, akasema Giramia,
na hakusema uongo.
Lakini pikipiki ikizimika unashuka, unasukuma.

Sisi tulizimikiwa tukiwa kumi na wanne.
Kulikuwa na kijana wa homa amelala juu ya vitenge,
na kuku watatu, na gunia la sukari.
Nilikuwa sijui kimya kina uzito.
Nilisikia maji yakipapasa mbao,
mkondo ukituvuta polepole kuelekea Nile
kama mtu anayekushika mkono asikwambie aendako.
Mmoja akaomba dua.
Mmoja akaomba nauli yake.

Nina elfu tisini, nimeifunga kwenye pindo la kanga,
na sare ya Piracel imo humo humo.
Nikahesabu. Nikahesabu tena, labda itazaa.
Nyaya mbili za boti, sitini.
Plagi moja ya muhuri, ishirini na tano.
Ile ya chai ya maziwa itaendelea na kazi.
Elfu tano iliyobaki nikaikunja ndogo sana,
ndogo kuliko sare.

Jioni Ongiertho alipima pengo la plagi
kwa kipande cha msumeno anachokifunga shingoni,
akaifunga kwa vidole kwanza, kisha spana,
robo ya mzunguko, basi, usiionee.
Usiku tukazima taa.
Nikavuta kamba.
Tukainama, tukatazama, tukatazama:
giza tupu.
Sijawahi kulipenda giza namna ile.

Na plagi ya pili, akauliza, umebadilisha?
Nikajifanya sikusikia.
Injini ilikuwa inapiga kelele.