Jina la Mtoto

Miaka thelathini na mmoja nimekaa masjala,
najua harufu ya jalada lililosahauliwa makusudi.
Langu lilinuka hivyo.
Pini imekula karatasi kwa kutu,
na karatasi zenyewe nne. Mtu mzima, karatasi nne.

Jina la mama: Mwamtoro binti Shomvi.
Makazi: Ilala, chumba cha uani.
Kazi: hana. (Alipika vitumbua. Hakuna aliyeuliza.)
Mume: askari, yuko kizuizini.
Jina la mtoto: halijulikani.
Na pembeni, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
mama ameulizwa mara tatu, kila mara anajibu hakujua.

Nililala na sentensi hiyo siku arobaini.
Nilimsema nikiosha vyombo,
nilimsema kanisani, midomo imefumbwa.
Mama gani huyu? Hata paka wa gengeni
huitwa kitu.

Mimi niliitwa Dorothea.
Walionilea walikuwa wema, niseme kweli:
nyumba ya Upanga, bafu ndani,
mkate uliopakwa siagi mpaka kwenye kingo.
Waliambiwa nimeokotwa. Waliamini,
au waliamua kuamini; sina mizani ya kupimia hilo.

Ilala nikamkuta Bi Sikudhani,
wa ua ule ule, anachambua mchele.
Nikamsomea. Nilipofika "hakujua"
ungo ukasimama.
"Soma tena."
Nikasoma.
"Hakujua nini? Sikujua ni wewe!
Nilikuwapo, siku ya saba, nywele zikinyolewa.
Nyanya yako alisema: kuna Sikudhani uani,
huyu naye awe Sikujua."

Ndipo nikaiona Januari ile:
askari wametoka kambini na bunduki,
Msimbazi maduka yamevunjwa, sukari imemwagika njiani,
watu wanaizoa kwa kofia,
na baada ya siku chache wanamfuata yeye, kwa makosa ya mume.
Mumeo alipanga na nani?
Maziwa yanamlowesha kanga, anautazama mlango
nilikopitishwa:
Sikujua!
Wakaandika, amekana.
Kisha bwana wa ustawi wa jamii na fomu yake.
Jina la mtoto?
Sikujua.
Jina, mama. Jina lake.
Sikujua, bwana. Sikujua!
Wakamshika kidole gumba, wakakichovya,
wakakibandika chini ya maneno ambayo hadi leo
hakuna aliyemsomea.

Karani mwenzangu, ulikuwa na kalamu nzuri.
Ungeandika ulichosikia, S kubwa mwanzoni, basi.
Wewe ukabadili nafsi:
*si* ukaifanya *ha*.
Nafsi yangu ilipotelea hapo.

Walimwachia mvua za vuli.
Chumba kina mpangaji mwingine, kitanda changu cha kamba
kimekuwa cha kuku.
Akaanza kusimama malangoni mwa shule,
saa sita, kengele ikilia, akiita.
Watoto wakadhani anaomba radhi.
Wakamwita Bibi Sikujua, wakamrushia maganda ya machungwa.

Nadhani nilimpita. Siapi.
Nakumbuka soksi nyeupe, mkono ulionishika,
na sauti: usimtazame, ana wazimu.
Nilitazama kidogo.

Jana nimekwenda Mbagala, anakaa kwa mpwa wake.
Mpwa alishanionya kwenye simu: haoni,
macho yote mawili yana mtoto wa jicho.
Nikafikiri, basi hao ndio watoto alioachiwa.
Mpwa alikuwa sokoni. Nikapiga hodi.

"Nani?"

Benki nimejibu Dorothea. Hospitali, Dorothea.
Kwenye cheti cha ndoa, kwenye tanzia ya mume wangu.
Ulimi ukaanza na D, kwa mazoea,
nikaumeza.

"Sikujua," nikasema.

Kimya. Kuku mmoja tu.
Halafu nikasikia, ng'ambo ya bati la mlango,
komeo linatafutwa,
linakosewa,
linatafutwa tena.