Pengo la Kumi na Moja

Zililetwa zabuni tatu, zote karatasi za kung'ara,
na picha za vyumba visivyojua vumbi la karafuu.
Muuzaji alivaa tai, akafutia jasho tai hiyohiyo,
akasema: kasha moja, mabapa kumi na sita,
seva zimesimama bega kwa bega kama misahafu rafuni,
zinakula umeme sahani moja, zinapepewa na feni za shirika.

Nikamuuliza uzito.
Akafunua ukurasa mwingine.
Nikamuuliza tena uzito,
maana ngazi hii ya Wete nimeipanda miaka tisa,
naijua kidato gani kinalalamika.

Rahisi huvunja upishi, aliandika mhasibu Bi Riziki Ngwali
pembeni mwa zabuni ya chini, kwa wino mwekundu,
kisha ile tuliyoitaka akaikata bajeti yake vipande.
Ndiyo maana kasha letu lina nafasi ya meno kumi na sita
na sisi tulinunua meno kumi.

Lilipandishwa na vijana wanane.
Kidato cha saba kililia, hakikuvunjika.
Faki Shaame akabandika shairi lake mlangoni
kwa gundi ya viatu:

*Mlango funga kwa hima, baridi isitoroke,*
*Na chai iache nyuma, kikombe kisimwagike,*
*Usivute kwa lazima, waya wetu ukatike,*
*Ukitoka taa zima, kitasa ukikumbuke.*

Mama, kule Kiuyu, huniuliza: kazi yako hasa ni nini, Tumu?
Humwambia: nalea vitu visivyolia.
Namdanganya. Vinalia.
Bapa la kwanza lina vizazi na vifo vya kaskazini yote,
la pili mishahara, la nne matokeo ya skuli,
la saba linajua chupa ngapi za damu zimebaki hospitali.
Yaliyobaki yana barua za serikali,
na barua za kujibu barua.

Usiku mmoja wa mvua kiyoyozi kilikata roho.
Thelathini na mbili. Thelathini na sita.
Taa za njano zikaanza, moja, halafu safu nzima,
na feni zikapandisha sauti kama jiko la mafuta ya taa.
Hapo ndipo nilipoufahamu ule ushirika wa tai na karatasi:
wanaokula sahani moja huugua tumbo moja.

Lazima nizime baadhi.
Barua nilizima bila kusita. Ziliwahi kumshibisha nani?
Matokeo ya skuli, samahanini wanangu, mtajua kesho.
Mishahara: nikakumbuka tarehe, ni ishirini na nne,
nikamkumbuka Bi Riziki na kalamu yake,
nikazima.
La kwanza na la saba nikayaacha yapumue,
nikakaa nayo na upepeo wa ukili, ujinga mtupu,
nampepea chuma cha ng'ambo kama mzazi mwenye homa.

Faki alifika saa kumi, suruali imelowa magotini.
Hakusema neno. Alipitisha kiganja mbele ya kasha, polepole,
kama anayetafuta mlango gizani,
akasimama kwenye nafasi ya kumi na moja.
"Hapa," akasema. "Baridi yote inatokea hapa."

Vizibo vilikuja vitano, mapengo ni sita.
Cha sita kilipotea bandarini, au hakikutumwa,
na sote tuliona, sote tukasema ni kitu cha urembo.
Lakini hewa ni kama sisi, ikiona njia ya mkato haizunguki:
iliingia penye tundu, ikatoka zake,
wenye joto ikawaacha na joto lao.

Alikata kipande cha beseni la buluu kwa kisu cha muhogo,
akakipima kwa jicho, akakikata tena.
Kikakaa.
Asubuhi fundi wa kiyoyozi alipokuja
ilikuwa thelathini na tatu, na la saba lilikuwa macho.

Kizibo halisi nimekiombea fedha mara nne.
Ombi limo ndani ya bapa la tisa,
pamoja na barua.