Kibao cha Majengo

Mchoraji aliniuliza jina. Byamungu, nikamwambia.
Akaandika VYA MUNGU, kwa rangi nyekundu,
chini yake KOMPYUTA ZATENGENEZWA.
Nikamwacha. Rangi ilishakauka,
na kibali cha kaunti kilishanimaliza,
sina hata pesa ya kubishana.

Kwetu Uvira tungesema masini imekufa.
Hapa Bi Mwanakombo anaitua mezani kwa mikono miwili:
"Imezimia tu, mwanangu,"
kama mtu wa kupepewa.

Naifungua. Chumvi imetambaa kwenye bodi,
kijani, kama ukungu wa mkate.
Hewa ya mji huu hula shaba bila haraka.
Nina mswaki, spiriti, bisibisi tatu,
na feni ya jirani, mwisho adhuhuri.
Nasugua. Napuliza. Nangoja.

Mlio mmoja mfupi. Kioo kinageuka buluu.

"Shilingi ngapi?"
Bado nahesabu kwa faranga, kichwa kinachelewa.
Anaacha mia tano na vitumbua viwili
ndani ya karatasi ya mtihani wa hesabu.

Magharibi mama mmoja anasimama mlangoni, asoma kibao,
auliza ibada huanza saa ngapi.
Vya Mungu ni vyote, mama, namjibu.
Kodi tu ndiyo yangu.